Saksi yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo: soma hapa kabla hujatoa pesa yako

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Moshi anayesoma Leeds, Uingereza. "Kaka shikamoo. Kuna saksi nimeiona mtandaoni kwa pauni 60. Muuzaji anasema imefuliwa kwa mkono, feleji ya Dameski. Nichukue?"

Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Nilijiona mwenyewe miaka tisa iliyopita, na donda nililodhani limepona likaanza kuwasha.

Kwa wageni wa ukurasa huu: saksi, ambayo wenyewe huiandika seax, ni kisu kirefu chenye makali upande mmoja. Kilivaliwa kiunoni na Wasaksoni na majirani zao wa Ulaya Kaskazini kwa karne nyingi. Kuna saksi fupi za kazi za nyumbani na kuna ndefu zinazokaribia kuwa panga za vita. Ninazozipenda mimi ni zile za Uingereza zilizovunjika mgongo: mgongo wa kisu unakwenda umenyooka, halafu ghafla unakata kona na kuteremka moja kwa moja mpaka nchani. Widukind, mtawa wa Corvey wa karne ya 10, anasimulia kwamba Wasaksoni walipata jina lao kutokana na visu hivi, baada ya kuvificha chini ya mavazi siku waliyokwenda kukutana na Wathuringia, kabila jirani, kwa mazungumzo ya amani na kuwachinja. Mpaka leo nembo ya jimbo la Essex ina saksi tatu.

Mimi ni mjukuu wa mhunzi. Kwetu Ugweno, Upare Kaskazini, chuma kilifuliwa vizazi na vizazi, na Wachaga walikuja kukinunua kwetu. Nimevukuta mivukuto ya babu nikiwa na miaka saba. Najua mlio wa nyundo juu ya fuawe pale chuma kinapokuwa tayari na pale kinapokuwa kimeshapoa. Kwa hiyo nilipofika Uingereza na kuanza kupenda saksi, niliamini hakuna mtu wa kunidanganya kwa chuma.

Nilidanganywa. Ilikuwa soko la vitu vya kale, mji mmoja wa katikati ya Uingereza, mwaka 2016. Mzee wa makamo alifunua kitambaa, ndani yake kulikuwa na saksi imejaa kutu, mpini haupo, umebaki msuka peke yake, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba imetoka mto Thames. Neno hilo lilinimaliza. Nilikuwa nimeshasoma habari za saksi ya Beagnoth, iliyopewa jina lililoandikwa juu yake, iliyookotwa kwenye mto huohuo mwaka 1857, bapa lake limetiwa nyuzi za shaba na fedha na kuandikwa herufi zote 28 za runi, maandishi ya kale ya Ulaya Kaskazini. Nikajiambia, kama moja imetoka humo, kwa nini isitoke nyingine? Nikalipa pauni 450. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi za usiku kwenye ghala. Mke wangu nilimwambia ni 150.

Nilikaa nayo miezi minne, naifunua kila nikitoka kazini. Kisha nikaipeleka kwenye mkutano wa wakusanyaji. Mzee mmoja aliiomba kwa adabu, akaisogeza dirishani, akatoa lenzi ndogo mfukoni. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akanipa lenzi, akasema, "Njoo uone mwenyewe."

Chini ya kutu kulikuwa na mikwaruzo, yote imeelekea upande mmoja, sambamba kama mistari ya daftari. Ile ni alama ya mashine ya umeme ya kusagia. Na kutu yenyewe, ambayo nilikuwa nikiisifia, ilikuwa ya rangi ya chungwa, imeenea sawasawa kuanzia msukani mpaka nchani. Chuma kilicholala udongoni au majini miaka elfu moja hakiliwi hivyo. Kinakuwa cheusi na cha kahawia, kinaota magamba, kinaliwa sana hapa na kidogo pale. Ile yangu ilikuwa imepakwa tindikali, labda mwaka uleule.

Mzee yule hakucheka. Waliokuwa nyuma yake walicheka. Mmoja akasema, "Nilidhani wewe ndiye mjukuu wa mhunzi." Niliikunja ile saksi kwenye kitambaa, nikatoka. Muuzaji hakurudisha hata senti. Maneno yale ninayasikia hadi leo, na sitaki kijana wa watu ayasikie.

Miaka miwili iliyofuata nilisoma tu.

Halafu nikakosea tena, safari hii kwa kutaka rahisi. Niliagiza nakala mpya, moja ya hizo za pauni 60. Ilipendeza kwenye picha. Ilipofika, ilikuwa kipande cha bamba la chuma, unene wa milimita 5 kutoka mwanzo hadi mwisho, kimesagwa pembeni tu kupata makali. Ilikuwa karibu kilo nzima, na uzito wote uko mbele. Nilikata fito kumi bustanini, kifundo cha mkono kikaniuma siku tatu, na mpini ukaanza kucheza. Nilipoupasua nikakuta msuka ni mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, umeungwa na msumari wa nati kwa kulehemu. Fikiria ungechomoka wakati nimeinua mkono na mwanangu amesimama karibu.

Hapo ndipo nikajifunza jambo ambalo babu alilijua bila kusoma: kisu kinanunuliwa kwa mkono. Kishike kwanza. Saksi nzuri imefuliwa kwa umbo la kabari, nene mgongoni na kupungua taratibu mpaka kwenye makali, kisha inazidi kuwa nyembamba ikielekea nchani, ndiyo maana ukiiinua inakuja yenyewe. Muulize muuzaji msuka una urefu gani, na kama hajui, rudisha pesa mfukoni. Hayo mawimbi ya juu ya bapa mnayoyaita Dameski yasikubabaishe. Wahunzi wa kale walisokota fito za chuma pamoja, wakazifua zikawa kitu kimoja, kisha wakaunga makali ya feleji ngumu pembeni; mawimbi yalitokana na kazi. Siku hizi mawimbi yanaweza kuchorwa kwa tindikali juu ya chuma chochote. Kishike kwanza, narudia.

Ya tatu nilimwagiza mhunzi mwenyewe. Nilikwenda kwake mara mbili, nikasubiri miezi 11, nikalipa kidogo kidogo, na mke wangu safari hii alijua kila pauni. Bapa lina sentimita 46, kisu kizima kina gramu 610. Kuna saksi iliyopatikana Sittingbourne, Kent, yenye maandishi pande mbili: upande mmoja inasema Biorhtelm alinitengeneza, upande wa pili Sigebereht ananimiliki. Babu yangu alifua majembe na visu maisha yake yote na hakuandika jina lake hata kwenye kimoja. Nikamwomba mhunzi aandike kwenye bapa, kwa Kiswahili: MJUKUU WA MHUNZI ANANIMILIKI. Ilipofika niliijaribu kwa fito mbichi ya mti uitwao hazeli, nene kama dole gumba. Nilidhani nimekosa, maana sikusikia kitu mkononi. Kisha nusu ya fito ikateleza polepole na kuanguka. Sikukuu iliyopita nilikatia mbavu za mbuzi.

Mwezi uliopita niliipeleka kwenye mkutano uleule. Mzee wa lenzi bado yupo. Aliishika, akaipima, akaiona ile sentensi, akaniuliza maana yake. Wale wengine walisogea kusikiliza.

Kuhusu utunzaji, futa na upake mafuta mepesi kila baada ya kutumia, na usiihifadhi ndani ya ala. Ngozi inanyonya unyevu, na ina tindikali za kutengenezea ngozi. Ukiiacha humo miezi miwili utaikuta na madoa. Mpini wa mti upake mafuta ya kitani, lakini kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa pembeni, kinaweza kupata joto na kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Na sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana wetu mnaoishi huku. Uingereza, kisu cha aina hii hakitembezwi. Kukutwa nacho mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa, na kifungo kinaweza kufika miaka minne. Mimi ni mtu mweusi. Sitegemei askari anisikilize nikimweleza habari za karne ya 10. Yangu husafiri ndani ya kasha lenye kufuli, kwenye buti la gari, kutoka nyumbani mpaka mkutanoni na kurudi. Sipitii dukani. Wazazi wa Kiafrika katika nchi hii wanazika watoto waliouawa kwa visu. Ukiona unapenda saksi kwa sababu inakufanya ujione wa kuogopwa, acha, tafuta kitu kingine. Ipende kwa sababu kuna mtu aliyeifua kwa jasho, uiheshimu kama tulivyofundishwa kwetu kutovuka nyundo ya mhunzi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Leeds, marahaba, na jibu ni hapana. Hizo pauni 60 kata tiketi ya basi uende London, British Museum, kuingia ni bure. Uliza chumba namba 41, Beagnoth yumo humo. Nenda asubuhi siku ya kazi kabla wanafunzi hawajajaa, simama upande wa mgongo wa kisu, utazame pale unapokata kona. Kisha niandikie tena tuzungumze bei.