Ukikaa na watu wa treni ndogo

Watu wengi hudhani treni za modeli ni burudani ya mpweke: mtu mmoja, chumba kimoja, mlango umefungwa. Waje kwenye kikao chetu. Treni huzunguka kidogo, soga huzunguka jioni nzima, na wako wanachama ambao sijawahi kuwaona wakigusa kidhibiti mwendo, ilhali hawakosi kikao.

Mimi ndiye huwapokea wageni. Nimegundua kwamba mgeni haogopi waya wala kulehemu. Anaogopa kufungua mdomo akaonekana hajui. Kwa hiyo kabla hajavuta kiti huwa namweka pembeni na kumwambia haya ninayoyaandika hapa. Kiini chake ni kimoja: kwenye soga ya treni anayeuliza hupendwa kuliko anayesahihisha, na tena hujifunza upesi zaidi.

Kitu cha kwanza kutaja ni skeli, yaani treni ya kweli imepunguzwa mara ngapi. Usiseme tu "nina treni", kwa sababu kila ushauri utakaopewa baada ya hapo unategemea namba hiyo. HO ni 1:87, na reli zake mbili zimeachana milimita 16.5. N ni 1:160, milimita 9. Z ni 1:220, milimita 6.5, na mwenye Z utamtambua kwa kibano alichokitia mfukoni. Kona inayomtosha mwenye N ndiyo inayomwangushia mabehewa mwenye HO. Kilomita moja ya reli ya kweli ukiileta kwenye HO inataka meza ya mita 11.5, kwenye N zinatosha mita 6.25. Ndiyo maana watu wa N hujisifia milima na mabonde, na watu wa HO hulalamikia ukubwa wa chumba.

Halafu kuna OO ya Waingereza, na hapa inabidi ukae kitako. Vichwa vya treni vya Uingereza ni vyembamba kuliko vya bara la Ulaya. Zamani hizo mota zilikuwa kubwa, hazikuingia kwenye bodi ya 1:87, basi watengenezaji wakaikuza bodi mpaka 1:76.2 na reli wakaiacha ileile ya HO. Matokeo yake mwili una skeli yake na njia ina yake. Nafasi ya milimita 1435 kati ya reli za kweli ilitakiwa iwe 18.83 kwenye meza. Kwa kuwa ni 16.5, treni ya OO inapita juu ya njia ambayo ingekuwa na milimita 1257 tu kama ingekuwa ya kweli. Wapo walioshindwa kuvumilia: kundi moja likapanua hadi milimita 18.2 na kuiita EM, jingine likaenda hadi 18.83 kamili na kuiita P4, na wengi wao hutengeneza kwa mikono pointi zao, zile sehemu ambapo njia hugawanyika.

Nimesimulia yote hayo ili nikuombe jambo moja. Mtu wa OO akikuonyesha stesheni aliyoijenga kwa miezi, usianze na milimita 1257. Anajua. Alijua kabla yako. Akilianzisha mwenyewe, hapo sasa vuta kiti, maana utasikia historia nzima ya burudani hii kutoka kwa mtu mwenye uchungu nayo.

Mgongano mwingine ambao mgeni huuchukulia kuwa ugomvi ni huu:

"Kile kichwa cheusi ni 4-6-2."

"Hapana, mzee wangu. Ni 2-3-1."

"Kijana, hebu hesabu vizuri."

"Nimehesabu, mzee. Na Mjerumani akija atakwambia ni 2'C1'."

Wote wako sahihi. Waingereza na Wamarekani huhesabu magurudumu: manne madogo mbele, sita makubwa yanayoendeshwa, mawili madogo nyuma. Wafaransa huhesabu ekseli, kwa hiyo kila namba inapungua nusu. Wajerumani nao huhesabu ekseli, ila zile zinazoendeshwa huzipa herufi, C ikiwa ni tatu. Ukiona wawili wanabishana juu ya kichwa kimoja kilicho mbele yao, uliza kwa upole, "Mnahesabu magurudumu au ekseli?" Utakuwa umejipatia marafiki wawili kwa swali moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa huwaleta watu: tatizo. Sentensi "treni yangu haitembei" haimsaidii yeyote. Anayekusikiliza hana cha kushika, naye atakupa jibu la jumla, safisha reli, na mtaachana hivyo. Sikiliza mazungumzo haya, ambayo kwa sura moja au nyingine hurudiwa karibu kila tunapokutana:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Leo umetuletea nini?"

"Kichwa changu kinakwama."

"Kinakwama popote, au pana mahali pake?"

"Palepale kila mara. Kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika."

"Kikienda polepole, au hata kikikimbia?"

"Polepole tu. Kikikimbia kinapita."

"Ni kifupi, siyo? Magurudumu manne?"

"Umejuaje, mzee?"

Amejua kwa sababu binti amemwambia kila kitu. Kwenye pointi nyingi za bei nafuu, pale reli mbili zinapokatana pamewekwa kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Kichwa kirefu chenye magurudumu mengi yanayochota umeme hakihisi kitu, kwani daima kuna gurudumu lililo nje ya kipande hicho. Kifupi kinakosa umeme kwa nukta moja. Kikikimbia, kasi inakivusha. Kikitambaa, kinafia hapo. Dawa ni pointi ambayo makutano yake ni ya chuma, yenye waya na swichi ya kugeuza umeme kila njia inapobadilishwa, au kuongeza magurudumu ya kuchota umeme. Hakuna kiasi cha kusafisha kingetibu hilo.

Kwa hiyo kabla ya kuomba msaada, jiulize maswali ya yule mzee. Vichwa vyote vinasumbua mahali pamoja? Tatizo liko kwenye njia. Kichwa kimoja kinasumbua kila mahali? Tatizo liko kwenye kichwa. Treni inapunguza mwendo kadiri inavyokwenda mbali na kidhibiti? Angalia viungio vya reli. Vikilegea na kuingia kutu umeme unapita kwa taabu, na unatakiwa kulehemu nyaya za ziada huko mbali. Behewa moja linatoka njiani na mengine hayatoki? Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu yake, yaani pande za ndani zinazotazamana. Kwa HO na OO inatakiwa iwe karibu milimita 14.5. Njoo na majibu hayo, na ikiwezekana njoo na behewa lenyewe mkononi. Utaona watu wanavyokuzunguka. Hakuna kinachowafurahisha watu hawa kama hitilafu iliyoelezwa vizuri.

Kusifu nako kuna namna yake. "Nzuri sana" ni sifa, lakini inafunga mazungumzo. Mwenye treni atasema ahsante na mtabaki mnatazamana. Taja kitu: kokoto zilizopakwa rangi ya masizi pale vichwa vinaposimama, mataruma yaliyopauka upande wa jua. Au uliza swali ninalolipenda kuliko yote: "Hii inatoka wapi, inakwenda wapi?" Wengine watacheka na kusema inazunguka tu, na hakuna ubaya. Ila ukimpata yule ambaye kila behewa lake lina mzigo, lina anakotoka na lina ratiba, utakuwa umefungua bomba. Watoto huuliza swali hili bila kufundishwa. Huuliza pia yule mtu mdogo aliyesimama kwenye jukwaa anamsubiri nani, na nimeona wazee wenye mvi wakikwama kulijibu.

Kuhusu mwendo nitakuwa mkali kidogo. Treni nyingi za modeli zinakimbizwa mno. Kwenye HO, kilomita 100 kwa saa ni sentimita 32 tu kwa sekunde, na treni ya mizigo ya kilomita 60 kwa saa hutumia sekunde 5 na kidogo kumaliza mita moja. Jaribu na utaona jinsi hiyo inavyoonekana polepole. Lakini ukimwambia mwenzio "unakimbiza sana" umemkosoa nyumbani kwake. Mwambie, "Hebu tupime mita moja tuone inapiga kilomita ngapi." Hapo inakuwa mchezo wa wote, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayepunguza. Asipopunguza, mwache. Kuna kanuni inayofahamika kwa wenye treni duniani, huitwa kanuni ya kwanza: reli ni yangu. Ikishatajwa, mjadala umekwisha.

Kanuni hiyohiyo ndiyo kinga dhidi ya wale wanaohesabu ribiti, yaani wanaokagua kila kitu kidogo. Kila kundi lina mmoja wao, anayejua kwamba kichwa chenye namba hiyo hakikuwahi kupakwa kijani. Wageni huwaogopa. Mimi nawatetea: ni hazina, tatizo ni kwamba hufunguka bila kuulizwa. Watangulie. Mwambie, "Naomba unionyeshe kasoro tatu za hiki kichwa." Atakupa saba, na atakuwa mwalimu wako mpaka mwisho. Na wewe ukifika kwenye ujuzi wake, jifunze sentensi hii: "Ungependa nikwambie nilichoona?" Wengi watasema ndiyo. Akisema hapana, kunywa chai yako.

Mjadala wa mifumo ya umeme sitaurefusha, maana wenyewe haujui kwisha. Kwenye mfumo wa zamani volti ya reli ndiyo amri: ukiiongeza, kila kichwa kilicho kwenye reli hiyo kinaongeza mwendo. Kwenye DCC, mfumo wa kidijitali uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kuwekewa viwango na chama cha Marekani cha NMRA, reli ina umeme muda wote, na kila kichwa kina dikoda, kifaa kidogo cha elektroniki kinachosikiliza amri za anwani yake tu. Mwenye duara moja na treni moja haihitaji. Wanaotaka kuendesha vichwa viwili kwenye njia moja, kila mtu na chake, wataishukuru. Usilifanye jambo hili kuwa dini.

Ila kuna adabu moja ya DCC ambayo ni lazima. Dikoda hutoka kiwandani zikiwa na anwani namba 3. Kwa hiyo kabla ya kuweka kichwa chako kipya kwenye reli ya pamoja, uliza kwa sauti, "Nani yuko kwenye 3?" Usipouliza, utaongeza mwendo hapa na kichwa kipya cha mwenzio kitaondoka kule mwisho wa meza, pengine kuelekea ukingoni. Ukishazoea, badilisha anwani. Wengi hutumia namba iliyoandikwa ubavuni mwa kichwa.

Mengine ni madogo. Usiguse treni ya mtu bila ruhusa, na ukiruhusiwa shika bodi, usishike vile vyuma vyembamba vya pembeni. Usiegemee meza. Bei usiulize mbele za watu, hasa mbele ya mwenza wa mwenye treni. Hilo sielezi zaidi.

Na kuna swali moja ambalo nakusihi ulichagulie saa yake: "Reli husafishwa na nini?" Mmoja atasema spiriti ya isopropili. Wa pili atasema spiriti ndiyo inayoharibu, tumia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Wa tatu atatoa penseli laini mfukoni na kupaka grafiti ukingoni mwa reli, kidogo sana, atasisitiza, ukizidisha magurudumu yatateleza mlimani. Wa nne ana kifutio kigumu, na wa tano atapandisha sauti kwamba kifutio kinachimba mikwaruzo ambayo ndiyo itakayotunza uchafu. Kisha atatokea mtu wa kueleza kwamba reli zetu zinaitwa fedha ya Kijerumani na hazina chembe ya fedha, ni shaba, zinki na nikeli. Wasikilize wote, kisha muulize kila mmoja faragha alisafisha lini mara ya mwisho, ufuate njia ya yule aliyesafisha zamani zaidi na treni yake bado inatembea. Lakini liulize mapema, watu wakiwa ndiyo kwanza wanafika. Ukilileta wakati tunafunga mlango, funguo utabaki nazo wewe.