Mililita 500 za mafuta si gramu 500

Ndugu, fomula yako ya sabuni inataka gramu 500 za mafuta ya zeituni nawe una jagi la mililita tu. Usijaze hadi 500. Mafuta ni mepesi kuliko maji: zidisha mililita kwa 0.92, utaona 500 ni gramu 460 hivi. Kupata gramu 500, gawanya kwa 0.92, yaani mililita 543. Ya nyonyo ni mazito kidogo, tumia 0.96.

Kwa kupikia hiyo inatosha. Kwa sabuni, mimi ningetafuta mizani: weka bakuli, rudisha kwenye sifuri, mimina. Mafuta yakipungua, kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, hubaki na kuunguza ngozi. Vaa glavu na miwani. Soda hiyo ikiingia jichoni, suuza papo hapo kwa maji mengi, kisha kimbilia hospitali.