Ukimaliza utaitwa nani?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji kama tungemshauri kijana asome saikolojia katika shahada ya kwanza, na kama akiisoma atapata kazi gani. Mimi niliulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza na baba yangu, barazani kwetu Newala, mkoani Mtwara, wiki niliyopata taarifa kwamba nimechaguliwa chuo. Baba ni mkulima wa korosho na si mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Mwanangu, anayesoma ualimu ataitwa mwalimu, anayesoma uuguzi ataitwa nesi. Wewe ukimaliza utaitwa nani?" Nilimjibu kwamba nitaitwa mwanasaikolojia. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Jibu langu halikuwa sahihi, na ilinichukua miaka kadhaa kulielewa kosa lake, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia kwa urefu kidogo.

Shahada ya kwanza ya saikolojia, ambayo kwa kawaida husomwa kwa miaka mitatu, haimpi mhitimu ruhusa ya kukaa na mgonjwa na kumtibu. Anayetaka kazi hiyo hana budi kuendelea na shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na kufanya mazoezi chini ya msimamizi kabla ya kuachiwa mgonjwa peke yake. Daktari wa magonjwa ya akili naye ni mtu mwingine: huyo husomea udaktari kwanza kwa miaka mitano, akamaliza mwaka wa mazoezi hospitalini, ndipo akabobea katika magonjwa ya akili, na yeye ndiye anayeandika dawa. Kwetu watu hawa wote huwekwa kapu moja. Nilipokuwa mwaka wa kwanza, majirani walinitaka niwatajie wanachokiwaza, na wengine walimpa mama pole kwamba bintiye anasomea mambo ya vichaa, neno ambalo silipendi lakini ndilo walilolitumia.

Tulichosoma kilikuwa tofauti kabisa na walichodhani. Tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, saikolojia imekuwa kazi ya kupima: unatunga swali, unawauliza watu wengi kwa namna ileile, unahesabu majibu, kisha unatafuta ni wapi huenda umekosea. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya masomo yetu ilikuwa takwimu na mbinu za utafiti, na wenzangu wengi waliteseka humo kwa kuwa walikuja chuo wakidhani wameikimbia hesabu. Tulisoma pia makuzi ya mtoto, kumbukumbu na usahaulifu, namna kundi linavyoweza kumgeuza mtu mmoja aache anachokiona kwa macho yake, na maradhi ya akili yenyewe. Yote hayo nayathamini. Hata hivyo, ujuzi unaonilisha leo ni wa kutunga swali ambalo mtu wa Tandahimba atalielewa kama nilivyokusudia mimi, na kulipokea jibu lake kama alivyokusudia yeye.

Naomba nieleze kwa kisa kimoja. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa ya udadisi, yaani kupita nyumba kwa nyumba na dodoso. Katika kijiji kimoja wilayani Tandahimba niliketi mkekani, chini ya mkorosho, pamoja na bibi mmoja aliyekuwa akibangua korosho, vidole amevipaka majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze. Kwenye kishikwambi nilikuwa na maswali tisa ya PHQ-9, dodoso linalotumika katika nchi nyingi kupima dalili za sonona (kwa Kiingereza, depression), ambalo humuuliza mtu hali yake katika wiki mbili zilizopita. Baada ya shikamoo na kuomba idhini yake nilimsomea: ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Akajibu haraka, "Hata mara moja, mjukuu wangu." Nikabonyeza sifuri. Maswali mengine mawili nayo yakaenda kwa sifuri. Kisha akaliweka chini jiwe la kubangulia, akatazama kule shambani, akasema kwa sauti ya chini, "Huzuni sina. Nina mawazo. Yakinianza usiku, nalala macho mpaka jogoo awike."

Kwa bahati ile ilikuwa wiki ya kulijaribu dodoso, utafiti wenyewe haujaanza. Niliyaandika maneno yake kama alivyoyatamka na jioni nikampelekea msimamizi. Kumbe wenzangu wawili nao walikuwa wamerudi na neno hilohilo kutoka vijiji vingine. Kwa Kiswahili cha huku kwetu, na nadhani cha nchi nzima, mwenye huzuni ni mtu aliyefiwa au aliyepatwa na jambo la karibuni. Yule anayezongwa miezi na miezi bila kupata usingizi tunasema ana mawazo. Kabla ya utafiti kuanza liliongezwa swali la mawazo, na bibi yule tulimwelekeza kituo cha afya, huku mhudumu wa afya wa kijiji akiahidi kumfuatilia. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba humuulizi mtu maswali ya namna hiyo kama huna mahali pa kumpeleka atakapokujibu ndiyo. Kanuni hiyo niliifundishwa darasani, na siku ile ndipo nilipoona uzito wake.

Wazimbabwe walitutangulia katika jambo hili. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mjini Harare mpango unaojulikana kama Benchi la Urafiki, ambamo kina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyachambua matatizo yao moja baada ya jingine. Hawakumuuliza mtu kama ana sonona. Waliuliza kuhusu kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa mawazo yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huku Mtwara na Lindi hatuna uhaba wa kina bibi wanaoaminika na kusikilizwa. Tunachohitaji ni watu waliosomea namna ya kuwafundisha, kuwasimamia, na kupima kwa uaminifu kama kazi yao inamsaidia mtu.

Jambo la pili linalonifanya niseme kwamba elimu hii inahitajika kusini ni kangomba. Kwa wasomaji wa mbali, hiyo ni biashara ya kumpa mkulima fedha kidogo kabla ya mavuno, naye akalipa kwa korosho zake kwa bei ya hasara. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hupeleka korosho ghalani na kupewa stakabadhi wakati zikisubiri kuuzwa, ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, minada ikaja, makatazo yakatolewa, na bado kila mwaka kuna mkulima anayeuza korosho zikiwa mtini. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba wakulima hao hawana akili ya maisha, na kauli hiyo huniumiza, maana baba yangu aliwahi kuuza kangomba mwaka niliohitaji ada ya sekondari.

Chuoni nilikutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, ambao waliwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu nchini India kabla na baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alifanya vizuri zaidi katika mafumbo ya kupima fikra baada ya kupata fedha za mavuno kuliko alivyofanya mfukoni mkiwa mtupu. Watafiti walieleza kwamba shida huimega sehemu ya akili ambayo mtu angeitumia kupanga. Baadhi ya wanazuoni waliikosoa kazi yao, hususan majaribio mengine yaliyoambatana nayo, na mimi siwezi kuwaambia kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa. Lakini nilipousoma nilimwona baba, na nikaona pia maswali ambayo mtu wa kwetu angeweza kuyachunguza: je, mkopo mdogo unaotolewa mwezi Julai ungepunguza kangomba kuliko faini? Je, mkulima akilipwa kwa awamu badala ya mkupuo, nyumba yake itakuwaje ifikapo Juni?

Tahadhari hiyo nayo ni sehemu ya tulichofundishwa. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ni takriban asilimia 36 tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Miaka mitano kabla ya hapo, Joseph Henrich na wenzake walikuwa wameeleza kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya fani hii walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Mwanafunzi wa Kitanzania akizisoma takwimu hizo anaweza kuvunjika moyo. Mimi zilinipa ari, kwa sababu zina maana kwamba kitabu hakijamalizika na sisi bado hatumo ndani yake.

Sasa niingie kwenye ajira, maana najua wazazi wataanzia hapo. Kati ya niliosoma nao, mmoja ni afisa rasilimali watu, wa pili ni mshauri nasaha katika kliniki ya CTC, ambako kazi yake ni kukaa na watu wanaoanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, wa tatu yuko kwenye mradi wa ulinzi wa mtoto, na mwingine aliongeza elimu ya ualimu na sasa ni mkufunzi. Mimi nilianza na udadisi, na leo nafanya ufuatiliaji na tathmini katika shirika moja hapa Mtwara Mjini. Hakuna hata mmoja wetu ambaye kwenye kitambulisho cha kazi ameandikwa mwanasaikolojia. Kijana anayetaka uafisa ustawi wa jamii asome kila tangazo kwa makini, kwa kuwa tangazo moja litaitaja saikolojia na jingine halitaitaja, na ni uchungu kuligundua hilo ukiwa na cheti mkononi. Mimi nilikaa nyumbani mwaka mmoja na miezi miwili bila kazi, nikiokota korosho na ndugu zangu. Sioni haya kulisema, na nisingependa mtu aambiwe kwamba mambo huenda haraka kuliko hivyo.

Nilichelewa kwa sehemu kwa sababu mafunzo yangu ya vitendo yalipotea bure. Ofisi niliyopelekwa ilinipa kazi ya kupanga mafaili na kuchukua chai kwa wiki zote, na sikuthubutu kulalamika. Waliopata kazi mapema ni wale waliotumia wiki hizo kuhoji watu, kuingiza takwimu kwenye kompyuta na kuandika taarifa iliyosomwa na mtu.

Je, ningemshauri kijana aisome? Ndiyo, kama anapenda kusikiliza na yuko tayari kuing'ang'ania takwimu. Hapana, kama anachotaka ni cheo cha kumjibu baba. Jirani yangu hapa Chikongola ana binti aliyemaliza kidato cha sita na amechaguliwa vyuo viwili, saikolojia katika vyote, naye anatakiwa kuthibitisha kimoja. Binti huyo alipokuja kuniuliza, nilimwambia asiangalie jina la chuo kwanza, apige simu idarani aulize mambo matatu: mafunzo ya vitendo ni ya wiki ngapi na mwanafunzi hupelekwa wapi, takwimu hufundishwa kwa mihula mingapi na kama kuna mazoezi ya kompyuta, na kama kila mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe mwaka wa tatu. Chuo kimoja walimjibu yote matatu siku ileile. Cha pili bado anasubiri wampigie.

Msomaji wenu, Mtwara