Jibu: Desemba Marangu, watoto watatembezwa saa ngapi?

Dada, umeuliza kama watoto watapata nafasi ya kutembea wakati ratiba yenu ya Marangu, Kilimanjaro, tayari ina kipaimara mbili, harusi na kikao cha ukoo. Watapata, ila matembezi yaishe kabla ya tarehe 24. Kuanzia mkesha wa Krismasi siku ni za kanisa na wazee, na ni haki yao. Kuna bibi aliyewangoja wajukuu hao mwaka mzima.

Kwa kuanzia, maporomoko ya Kinukamori yako hapo hapo Marangu, nusu siku inatosha. Chemchemi ya Chemka, kule ng'ambo ya Boma Ng'ombe, maji yake ni maangavu ajabu, lakini sikukuu hujaa watu. Nendeni asubuhi, siku ya kazi. Pana kina, kwa hiyo asiyejua kuogelea asiachwe peke yake hata dakika moja. Ziwa Chala mngeacha mpaka wadogo wakue, mteremko wa kushukia majini ni mkali.

Kipaimara usiihesabu kama saa mbili za ibada. Baada ya kanisani kuna ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), mtori (supu ya ndizi na nyama), hotuba, zawadi, kisha mnahamia kwa jirani naye ana yake. Nawapenda mno watoto siku hiyo, binamu wasiojuana wanakuwa marafiki kufikia jioni. Wakubwa wape kazi ya kugawa vinywaji, watafurahi.

Treni ya Dar hadi Moshi ilirudi mwaka 2019. Safari yake ni ndefu kuliko ya basi, lakini watoto hunyoosha miguu. Kateni tiketi mapema. Na masweta, tafadhali.