Kabla hujafungua kopo la mofini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ufamasia, hasa ninyi mnaopangwa chumba cha kuchanganyia dawa, nawaandikia mambo ambayo mimi niliyajua kwa kuchelewa.

Wiki yangu ya tatu kazini nilipewa kazi ya kutengeneza lita 10 za mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ile nyepesi ya miligramu 5 kwa kila mililita 5. Hesabu yake ni ya mtoto wa shule: miligramu 1 kwa mililita 1, kwa hiyo lita 10 zinataka gramu 10. Mimi nikaandika gramu 100. Kichwani nilikuwa bado na hesabu ya ile kali, ya miligramu 50 kwa mililita 5, tuliyoitengeneza juzi yake. Poda ni nyeupe, imetulia kwenye mizani, haina chochote cha kukuonya. Dada aliyekuwa akinisimamia akanishika mkono kabla sijaimimina kwenye maji, akasema, "Isome hesabu yako kwa sauti." Nikasoma. Nilipofika "gramu mia" sauti ikanikauka. Chupa zile zilikuwa ziende majumbani kwa wagonjwa wa saratani. Huko binti angempimia mama yake mililita 5 kama alivyofundishwa, na mama angemeza dozi mara kumi.

Tangu siku hiyo sitengenezi mofini bila watu wawili kukokotoa, kila mmoja na karatasi yake, ndipo tulinganishe. Msiridhike na utaratibu wa mmoja kupiga hesabu na mwingine kutia saini. Ukishaiona hesabu ya mwenzako, jicho lako linaifuata ilikokwenda. Na msidharau rangi ya chakula inayotiwa kwenye dawa. Uganda, ambako Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa mahututi lililoanzishwa na Dk. Anne Merriman, lilianza kutoa mofini ya maji mwaka 1993, ile nyepesi hutiwa kijani na zile kali hupewa rangi zake, ili muuguzi aliyechoka saa nane ya usiku ajue ameshika chupa gani kabla hata hajasoma lebo.

Nimeanza na kipimo kwa sababu historia yote ya dawa hizi ni historia ya kipimo. Watu walijua afyuni, yaani utomvu wa mmea wa mpopi, inatuliza maumivu maelfu ya miaka kabla ya viwanda. Shida yao ilikuwa kwamba utomvu wa shamba moja ungeweza kuwa na nguvu mara mbili ya utomvu wa shamba jingine, na tabibu hakuwa na njia ya kujua. Friedrich Sertürner alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, msaidizi wa duka la dawa mjini Paderborn, Ujerumani, alipoitenga mofini kutoka kwenye afyuni karibu na mwaka 1804. Baadaye akaijaribu mwilini mwake pamoja na vijana watatu. Walimeza kama miligramu 30, wakarudia baada ya nusu saa, wakarudia tena baada ya robo saa. Waliishia kulewa vibaya hata ikabidi wanywe siki kali ili watapike. Alipochapisha matokeo mwaka 1817, alichokuwa amewapa madaktari ni kitu wanachoweza kukipima. Mwaka 1827 mfamasia Merck wa Darmstadt, Ujerumani, akaanza kuitengeneza kwa ajili ya kuuza, na hapo ndipo kiwanda cha alkaloidi, kemikali za mimea zenye nguvu mwilini kama mofini, kilipozaliwa.

Mtaulizwa na ndugu na majirani, kwa nini hadi leo tunategemea ua la shambani wakati kemia imeendelea hivi? Jibu ni gharama. Umbo la mofini lilielezwa na Robert Robinson mwaka 1925, na Marshall Gates akaiunda yote maabara mwaka 1952, lakini kwa hatua nyingi mno kushindana na mmea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliifanya hamira itengeneze thebaini, alkaloidi nyingine ya mpopi, ila ilihitaji maelfu ya lita za hamira kupata dozi moja ya dawa ya maumivu. Mpopi bado unashinda. India hukamua utomvu, Uturuki husindika vitumba vilivyokauka, na huko Tasmania, Australia, wakulima hulima aina ya mpopi usiotoa mofini bali thebaini. Thebaini yenyewe haitulizi maumivu, lakini ndiyo malighafi ya oksikodoni na buprenofini, dawa nyingine za maumivu, na pia ya naloksoni, sindano inayomrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na mofini. Sumu na kiokozi chake vinatoka kwenye mmea mmoja. Hili nalipenda sana, na kila mwanafunzi anayepita chumba changu lazima alisikie.

Sasa neno kwa wenye hamu ya utafiti wa miti yetu. Hamu hiyo ni njema, shikeni hapo hapo. Lakini tone la kitendanishi cha Dragendorff likileta mashapo ya rangi ya chungwa, umejua tu kwamba huenda kuna alkaloidi. Hujajua ni ipi, ni kiasi gani, wala imetoka wapi. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa na wenzao walitangaza kwamba wamekuta tramadoli, dawa ya maumivu iliyobuniwa maabara, kwenye gome la mizizi ya mti wa Nauclea latifolia kaskazini mwa Kamerun. Dunia ilishangilia. Mwaka uliofuata watafiti kutoka Ujerumani wakaenda huko huko. Wakaikuta tramadoli kwenye mizizi ya miti mingine pia, kwenye udongo na kwenye maji, lakini kwenye miti ya kusini mwa nchi haikuwamo. Maelezo yao yakawa haya: wafugaji huinywa na kuwapa ng'ombe ili wastahimili kazi na jua, mkojo unaingia ardhini, mizizi inafyonza. Kwa hiyo ukichukua sampuli, chukua na udongo wake, chukua na mti wa jirani, na uulize wenyeji wanawapa mifugo yao nini. Mchungaji anaweza kukueleza katika dakika tano jambo ambalo mashine ya mamilioni haitakueleza.

Kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, nayo msiichukulie kuwa ni mdogo wake mofini asiye na madhara. Ini huigeuza sehemu yake kuwa mofini, na si maini yote yanafanya kazi kwa kasi moja. Kwa Waethiopia waliopimwa, zaidi ya robo walikuwa na jeni za kuigeuza haraka kupita kiasi. Mtoto mwenye ini la namna hiyo anaweza kuacha kupumua kwa dozi ya kawaida ya chupa ya kikohozi. Mama akija dirishani kuomba "ile yenye kodeini" kwa ajili ya mwanawe, mkataeni kwa upole na mumweleze kwa nini.

Lililobaki ni daftari la kuandikia mofini inayoingia na kutoka, na najua wengi wenu mtaliona kazi ya karani. Chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, kila nchi hupeleka Vienna, kwenye bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa hizo, makadirio ya mofini itakayohitaji mwaka unaofuata, na haiagizi zaidi ya hapo. Makadirio hayo yanajengwa na madaftari yetu. Ukiandika kizembe, au ukiacha kuagiza kwa kuogopa maswali ya wakaguzi, nchi inaonekana haihitaji, na mwakani kuna mtu atakayelia usiku kucha kijijini kwa sababu hiyo. Nimewaona wanaolia hivyo. Nimemwona pia mzee aliyeomba uji siku ya pili baada ya kuanza mofini, baada ya wiki nzima ya kugoma kula.

Na chupa za mofini zikirudi kutoka majumbani, zipokeeni vizuri. Mwenye kuileta huwa ametoka kuzika. Mpe kiti kwanza, mpe pole. Kisha pima kilichobaki mbele yake na mbele ya shahidi, andika mililita, muda na majina, kimwage kwa utaratibu, mtie saini nyote watatu.