Bunge Likigombana Juu ya Tabianchi, Tafuta Muswada Wenyewe

Ndugu zangu mnaoishi Australia, wengi mmeniuliza tushike upande upi wabunge wa Canberra wanapokabana koo juu ya sheria za tabianchi. Mimi nashauri usianze na chama. Anza na muswada, hasa vifungu vya fedha.

Chukueni sheria ya 2011 ya serikali ya Julia Gillard. Ilipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 74 dhidi ya 72, na kuanzia Julai 2012 makampuni makubwa yanayotoa gesijoto yakatakiwa kulipa dola 23 kwa kila tani. Upinzani chini ya Tony Abbott uliipiga vita usiku na mchana kwa jina la "kodi ya kaboni". Bei ya umeme ilipanda kweli, sikatai. Lakini mwenzangu mmoja kazini alikuwa akiilaani kila tukikaa kunywa chai, bila kujua kwamba mpango huohuo ulipandisha kiwango cha mapato kisichokatwa kodi kutoka dola 6,000 hadi 18,200. Nilipomwonyesha, alitoa hati yake ya mshahara akaanza kupiga hesabu upya. Hotuba alizisikia zote. Hilo tu ndilo hakuwa amelisikia.

Sheria ile ilifutwa Julai 2014, baada ya Abbott kuingia madarakani. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna anayejenga mtambo wa umeme wa miaka thelathini akitegemea sheria iliyodumu miaka miwili. Kwa hiyo kila muswada uulize pia: serikali ikibadilika, nini kitabaki?

Jambo jingine, angalia orodha ya kura kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Desemba 2009 muswada wa gesijoto wa serikali ya Kevin Rudd, waziri mkuu wa wakati huo, uliangushwa katika Seneti. Chama cha Greens, cha watetezi wa mazingira, kiliupinga kwa kuwa kiliuona dhaifu, kikajikuta kimepiga kura pamoja na wasioutaka kabisa, huku maseneta wawili wa Liberal, chama cha Abbott kilichokuwa upinzani, wakiiunga mkono serikali kinyume na chama chao. Na mwaka 2022, sheria ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 43 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2005, ilipata kura ya Bridget Archer wa Liberal wakati wenzake wakiikataa. Ukimhukumu mbunge kwa rangi ya chama chake tu, utawapoteza watu kama hawa, na ndio wa kuandikiwa barua kwanza.

Usingoje uchaguzi. Muswada ukipelekwa kwenye kamati ya Seneti, mara nyingi wananchi huitwa watoe maoni kwa maandishi, na tarehe ya mwisho hutangazwa kwenye tovuti ya Bunge. Niliwahi kutuma ukurasa mmoja juu ya joto ndani ya nyumba za kupanga na bili ya umeme wa kuzipoza. Kiingereza cha mahakamani hakihitajiki. Eleza unavyoishi, taja kifungu unachotaka kibadilishwe, na utume mapema.