Ukitaka kuingia falsafa ya lugha na akili, shika hoja moja uifuate mpaka mwisho

Watu huwa wananiuliza waanzie wapi, mmoja anataka falsafa ya lugha, mwingine falsafa ya akili, mwingine anasema yeye mantiki tu inamtosha, na jibu langu kwa wote siku hizi ni moja, usivitenganishe. Sio kwamba ni kitu kimoja, hapana, ila maswali yake yameshikana kiasi kwamba ukisoma kimoja peke yake unasikia nusu ya mazungumzo. Nimesoma haya mambo kwa miaka, peke yangu na pia na watu tunaokutana kusoma pamoja, na nachoandika hapa ndo kile nilichoona kinawasaidia watu kweli.

Kwanza kabisa, usianze na nadharia. Usianze na majina ya misimamo, nani anasema akili ni ubongo tu, nani anasema akili na mwili ni vitu viwili. Ukianza hivyo utakariri majina, utaweza hata kubishana usiku kucha, ila hutojua kwanini mtu makini kabisa alijikuta amefika kwenye msimamo huo. Anza na hoja inayogoma. Yaani hoja ambayo kila hatua inaonekana sawa halafu mwisho wake unaona kabisa hapana, hii haiwezekani.

Mi huwa nampa mtu hii. Kama A na B ni kitu kilekile, basi lolote lililo kweli kuhusu A ni kweli kuhusu B, hapo hakuna anayebisha. Sasa nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kilekile, zote ni sayari ya Zuhura. Mfikirie mtu ambaye hajui hilo, anaamini kwamba nyota ya asubuhi huonekana kabla jua halijachomoza. Toa "nyota ya asubuhi" weka "nyota ya jioni", unapata kwamba anaamini nyota ya jioni huonekana kabla jua halijachomoza, na ukimuuliza mwenyewe atakataa katakata. Tumeanza na kweli tupu tukaishia kwenye uongo. Imekuwaje?

Kaa hapo kwanza. Usikimbilie jibu, andika majibu yako mwenyewe, hata kama ni mabaya, kwa sababu ukija kusoma alichosema Gottlob Frege, mwanamantiki wa Ujerumani, mwaka 1892 utaelewa alikuwa anapambana na nini. Frege anasema jina lina mambo mawili, kuna kitu linachokitaja na kuna namna linavyokileta kitu hicho mbele ya akili, na tukishasema "anaamini kwamba", maneno yanayofuata hayataji tena sayari, yanataja ile namna. Kwahiyo kanuni haijavunjika, ila tulibadilisha kitu kinachotajwa bila kujua. Na huyu ndo yuleyule aliyetoa mwaka 1879 mfumo wa mantiki wa "kwa kila" na "kuna" ambao ndo msingi wa mantiki tunayosoma leo, swali la lugha lilimjia akiwa ndani ya kazi ya mantiki na hisabati, ndo maana nasema usivitenganishe.

Halafu linganisha na mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell mwaka 1905. Mfano wake, mfalme George IV wa Uingereza alitaka kujua kama Scott ndiye mwandishi wa riwaya ya Waverley, na kweli ndiye, lakini hakuna anayeweza kusema mfalme alitaka kujua kama Scott ni Scott. Russell hakubali ile njia ya Frege, anasema "mwandishi wa Waverley" sio jina kabisa, ukiifungua sentensi kimantiki unakuta inasema kuna mtu mmoja na mmoja tu aliyeandika Waverley na mtu huyo ni Scott, na hapo hakuna tena neno la kubadilishana na "Scott". Fumbo moja, majibu mawili tofauti kabisa. Chukua karatasi uandike yote mawili kwa mkono wako, mstari kwa mstari, uone kila jibu linakugharimu wapi. Hili zoezi peke yake limewasaidia watu kuliko vitabu vizima vya utangulizi.

Sasa kwenye akili, na hapa ndo napapenda kuliko pote. Kuna hoja inayotokana na Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, kwenye kitabu chake cha mwaka 1637, na kwa ufupi inakwenda hivi: naweza kutilia shaka kama mwili wangu upo, siwezi kutilia shaka kama mimi nipo, kwahiyo mimi sio mwili wangu. Watu wengi wakiisikia wanatulia kabisa, inawaingia. Lakini iweke pembeni ya hii: yule mtu anaamini nyota ya asubuhi huonekana kabla jua halijachomoza, haamini hivyo kuhusu nyota ya jioni, kwahiyo nyota ya asubuhi sio nyota ya jioni. Umbo ni lilelile! Na hii ya pili tunajua ni mbovu. Kwahiyo hoja kubwa kuhusu nafsi ya mtu inaanguka kwa sababu ya jambo dogo kuhusu maneno yanayokaa baada ya "anaamini kwamba" na "natilia shaka kwamba". Antoine Arnauld, mwanafalsafa wa wakati wake, aliona tatizo kama hilo mwaka 1641, alisema mtu anaweza kuwa na uhakika kwamba pembetatu fulani ina pembe mraba na bado akatilia shaka kanuni ya Pythagoras kuhusu pande zake, na hiyo haifanyi pembetatu hiyo iweze kuwepo bila hiyo sifa. Kwa haki ya Descartes niseme pia kwamba hoja yake ya mwaka 1641 imejengwa tofauti, inategemea nini kinawezekana kuwepo bila kingine, hiyo haianguki kirahisi hivi.

Ukishaliona umbo hilo utaanza kuliona kila mahali. Mwaka 1982 mwanafalsafa Frank Jackson alituletea Mary, mwanasayansi wa kubuni aliyeishi kwenye chumba cheusi na cheupe tu, anajua kila jambo la kifizikia kuhusu rangi na ubongo, siku anatoka nje anaona nyekundu kwa mara ya kwanza. Amejifunza jambo jipya? Kama ndiyo basi inaonekana kuna ukweli ambao sio wa kifizikia. Moja ya majibu makubwa ni kwamba hapana, ameujua ukweli uleule kwa namna mpya, na hilo ni jibu la Frege limehamia kwenye falsafa ya akili. Mimi naona linafika mbali lakini halimalizi, maana unabaki na swali hiyo namna mpya yenyewe ni kitu gani, nayo ni ya kifizikia au vipi? Jackson mwenyewe baadaye aliacha hitimisho lake, ila watu wengi wanaendelea kuitetea hoja hiyo.

Kuhusu mantiki, huhitaji nyingi kuanzia lakini hiyo kidogo ifanye kwa penseli sio kwa macho. Viunganishi (na, au, si, kama hivi basi vile), kisha "kwa kila" na "kuna", kisha alama ya usawa. Inatosha kwa muda mrefu. Theorem za Gödel za 1931, kuhusu mipaka ya mifumo ya mantiki yenyewe, ni nzuri mno ila sio lazima hapa. Kitu ambacho usikubali kukiruka ni wapi "kuna" inakaa. Mwanafalsafa wa Marekani Quine ana mfano wa mwaka 1956 wa bwana Ralph. "Ralph anaamini kwamba kuna majasusi" haimaanishi mengi, karibu kila mtu anaamini hivyo. "Kuna mtu ambaye Ralph anaamini ni jasusi" ni habari ya kupeleka polisi. Halafu Quine anaongeza, Ralph amemwona mtu mwenye kofia ya kahawia na anamshuku ni jasusi, na anamjua pia mtu mwingine aliyewahi kumwona ufukweni, raia wa kuheshimika, huyo hamshuku kabisa, kumbe ni mtu mmoja, anaitwa Ortcutt. Je, Ralph anaamini Ortcutt ni jasusi? Jaribu kuiandika kwa alama uone unakwama wapi. Ukikwama ujue uko mahali sahihi, maana hilo swali limewaumiza watu wazito.

Saul Kripke, mwanafalsafa wa Marekani, mweke baada ya hapo, sio kabla. Mihadhara yake ya chuo kikuu cha Princeton ni ya Januari 1970, alikuwa na miaka 29 na aliongea bila kusoma popote, ndo maana inasomeka kama maongezi na watu wanadanganyika kwamba ni rahisi. Pitia kwanza mantiki ya "lazima" na "inawezekana", mwanamantiki Ruth Barcan Marcus alishaiunganisha na "kwa kila" na "kuna" tangu 1946. Kripke anasema kama majina mawili yanataja kitu kimoja, basi ni lazima kiwe kimoja, hata kama ilibidi tuangalie angani ndo tujue. Sasa kama maumivu ni tukio fulani la ubongo basi ni lazima iwe hivyo, na sisi tunaona kama vile moja lingeweza kutokea bila lingine. Kwenye joto, ambalo sayansi inasema ni mwendo wa molekuli, tukijiona tunafikiria joto bila mwendo huo tunaweza kusema tulichofikiria sio joto, ni kitu kingine kinachohisiwa kama joto. Kwenye maumivu huwezi kusema hivyo, kwa sababu kitu kinachohisiwa kama maumivu ni maumivu.

Kwahiyo ile hoja ya Descartes imerudi, ila safari hii haipiti kwenye shaka, inapita kwenye uwezekano, na lile jibu la nyota halitoshi kuizima. Hatua ya mwisho, ile ya maumivu, ndo watu hawajakubaliana mpaka leo. Ukifika hapo funga kitabu, iandike hoja yote kwa mistari yenye namba, halafu chini yake andika ni mstari upi unaukataa na kwa sababu gani, na kama huukatai hata mmoja andika hivyo.